Anzeni na mtaro mmoja: kukuza kikundi cha vijana cha tabianchi Dar es Salaam

Vikundi vya vijana vya mazingira Dar es Salaam havifi kwa kukosa watu. Vinakufa vikiwa na majina 200 kwenye kundi la WhatsApp na watu wanne wenye koleo mkononi. Mkitaka kukua, acheni kuhesabu waliojiunga, hesabuni waliorudi. Aliyekuja Jumamosi tatu kati ya nne ndiye mwanachama. Wengine wote bado ni wageni, nao wakaribishwe kama wageni: kwa salamu, glovu na kazi ya kushika.

Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, ambao leo uko katika nchi nyingi, ulianzia hapa hapa Dar mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 waliokutana barazani kwake. Kumi na wawili wanatosha. Wakija 40 siku ya kwanza na koleo ziko nne, 36 watasimama kupiga picha, na Jumamosi inayofuata hawaonekani.

Chagueni mahali

"Mabadiliko ya tabianchi" ni maneno makubwa mno kumtoa mtu kitandani saa 12 asubuhi. Mtaro unaomwagia maji sebuleni kwake unamtoa. Jiji hili lenye watu zaidi ya milioni 5.3 (sensa ya 2022) linaijua tabianchi kwa sura ya maji: mvua za Desemba 2011 zilizoua watu takriban 40 na kuwahamishia wakazi wa bondeni Mabwepande, mafuriko ya Aprili 2018, Kimbunga Hidaya kilichosogea hadi Mafia Mei 2024. Anzieni hapo.

Eneo la kwanza lifikike kwa miguu na nusu ya wanakikundi au zaidi, kwa sababu nauli ndiyo inayoua kikundi mwezi wa pili. Lionekane na wapita njia. Liwe linafurika kila masika (Machi hadi Mei) au kila vuli (Oktoba hadi Desemba), ili tofauti ionekane ndani ya miezi michache. Mita 100 za mtaro zinatosha, au ukingo mmoja wa Mto Ng'ombe, au kipande cha ufukwe. Msitangaze kwamba mnaokoa Bonde la Msimbazi. Mto huo unashuka kutoka vilima vya Pugu upande wa Kisarawe hadi baharini karibu na Daraja la Selander, na Serikali yenyewe imeuchukulia mkopo wa Benki ya Dunia. Chukueni mita zenu 100.

Wiki mbili za kwanza ni za kalamu, koleo zisubiri. Pitieni mtaro wote kwa miguu, mchore ramani kwenye karatasi ya manila, mweke alama mahali unapoziba na nyumba ambazo maji yaliingia. Waulizeni akina mama wa genge na mafundi wa kijiweni: maji yalifika wapi mwaka jana? Watawaonyesha kwa mkono, kwenye goti au kiunoni. Kwa ruhusa ya mwenye ukuta, chora kipimo cha rangi chenye mistari kila sentimita 10 kutoka usawa wa ardhi. Kila mvua kubwa, mtu mmoja apige picha ya kipimo hicho, tarehe na saa ziandikwe. Baada ya misimu miwili mtakuwa na ushahidi ambao hakuna ofisi itakayousukuma pembeni kirahisi.

Mvua nayo ipimwe. Tafuteni kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako upana mmoja, mliweke mahali wazi, mbali na paa na miti. Kila siku saa 3 asubuhi mtu achovye rula, aandike milimita, amwage. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 juu ya bati la mita za mraba 50 ni lita 1,000, tangi zima. Hesabu hii fupi inawavuta watu kuliko hotuba ya hewa ukaa, kwa sababu kila mwenye nyumba anaanza kuhesabu bati lake na kujiuliza maji hayo huwa yanakwenda wapi.

Kuna swali ambalo mzee wa mtaa atawauliza mbele za watu: mafuriko haya ni ya tabianchi au ya takataka zenu? Jibu la kweli ni yote mawili. Mvua kubwa inaangukia mtaro uliojaa tope na bonde lililojengwa. Mkidai kwamba kila kitu ni tabianchi, wenyeji watawacheka, na watakuwa na haki.

Jumamosi ya kazi

Kaeni na saa mbili tu, saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Baada ya hapo jua linachoma, wasichana wengi wana kazi za nyumbani zinazowangoja, na anayechelewa kurudi leo hapewi ruhusa wiki ijayo. Jumamosi inafaa wengi, lakini kama mna Wasabato, wekeni zamu nyingine Jumapili alasiri. Mwezi wa Ramadhani acheni tope, fanyeni ramani na vipimo. Novemba msiwategemee watoto wa kidato cha nne, wako kwenye mtihani wa taifa.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kupanga kazi kubwa kuliko mikono. Fanyeni hesabu. Mtaro wa mita 50, upana sentimita 60, wenye tope la sentimita 20, una mita za ujazo 6. Hizo ni ndoo 300 za lita 20, na ndoo moja ya tope bichi inafika kilo 30 na zaidi. Jumla inakaribia tani 10. Watu 20 hawamalizi asubuhi moja, na hata wakimaliza, hakuna kirikuu cha kubeba. Chukueni mita 10: ndoo 60, tani mbili hivi, ndoo tatu kwa kila mtu. Watu wanaondoka wakiwa wamemaliza kitu, na mtu aliyemaliza hurudi.

Kosa la pili linaonekana jiji zima: tope linatolewa na kurundikwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha. Kabla hamjagusa mtaro, jueni tope linakwenda wapi na nani analibeba. Muulizeni afisa afya wa kata, wakati mwingine halmashauri ina gari ikiambiwa wiki moja kabla. Likiwa linachelewa, tope likae juu ya turubai upande wa pili wa njia, limezungukwa na viroba. Viroba vijazwe nusu. Kiroba kilichojaa hakuna anayekinyanyua, na hatimaye kinachanwa pale pale.

Kwa kazi ya watu 20 mnahitaji koleo 4, majembe 2, reki 4, ndoo 10, viroba 50, glovu nene jozi 20 na gambuti jozi 10 (wanaoingia ndani ya mtaro ni nusu tu, wengine wanapokea). Ongezeni ndoo ya maji ya kunawa, sabuni, dawa ya vidonda na maji ya kunywa. Chupa za plastiki zitengwe tangu mwanzo, kwa sababu zikichanganyika na tope wanunuzi wa makopo hawazitaki. Kilo moja ni chupa 60 hadi 100 za nusu lita, kwa hiyo msitarajie utajiri, ila nauli ya mkokoteni inapatikana.

Mitaro ya Dar ina vioo, sindano na maji ya vyoo. Hakuna kandambili, hakuna mwenye kidonda kibichi ndani ya mtaro, na wanaoingia kila wiki wachanje pepopunda. Kukiwa na wingu zito upande wa Pugu, msiingie mtoni hata kama Kariakoo kuna jua. Maji ya juu hufika bila hodi.

Ujumbe wa mwito utoke Jumatano, ukumbusho Ijumaa jioni. Uwe mfupi kiasi hiki: "Jumamosi saa 1 hadi saa 3 asubuhi, darajani nyuma ya msikiti. Tunamaliza mita 10 za pili. Vaa viatu vilivyofungwa na suruali ndefu. Glovu tunazo. Choo kipo kwa mama wa duka, tumeshazungumza naye." Sentensi ya choo inaongeza wasichana kuliko kaulimbiu yoyote. Kundi la WhatsApp liwe mawili: moja la matangazo ambalo viongozi pekee wanaandika, lingine la soga. Mkichanganya, mwito wa Jumamosi unazama chini ya matokeo ya Simba na Yanga.

Kitabu

Nunueni kauntabuku moja ngumu. Safu ni tano: jina, mtaa, simu, mara ya ngapi kuja, na nani alimleta. Safu ya mwisho ndiyo yenye siri. Baada ya miezi miwili mtaona kwamba watu watatu au wanne wameleta karibu wote, na mara nyingi si viongozi. Ni binti wa kwaya, au fundi simu ambaye kibanda chake ni kijiwe. Hao ndio wapewe muda na nafasi, si wenye maneno mengi mkutanoni.

Mgeni wa mara ya kwanza apigiwe simu ndani ya siku tatu, si ujumbe wa kundi, ni simu ya mtu kwa mtu. Mara ya pili apewe kitu cha kusimamia hata kikiwa kidogo: funguo za stoo, kipimo cha mvua, kuhesabu viroba. Asiye na kitu cha kusimamia haoni sababu ya kurudi, kwani kazi inakwenda bila yeye. Na angalieni ni nani anapewa nini. Ikiwa wavulana wanashika koleo na fedha, na wasichana wanachemsha chai, kitabu kitaonyesha wasichana wakipungua kabla ninyi hamjajua kwa nini.

Fedha na posho

Siku ya kwanza mtu atauliza kuhusu posho. Semina nyingi zimezoesha watu bahasha ya nauli, na haina maana kuwalaumu. Semeni mapema na kwa uwazi: hakuna posho kwa yeyote, kiongozi ama mgeni, chai na maji vipo. Mkilipa nauli mara moja kwa fedha ya mfadhili, Jumamosi isiyo na mfadhili haina watu. Kurudi nyuma kutoka hapo ni kugumu kuliko kuanza upya.

Mchango wa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa watu 30 ni 30,000, unatosha viroba, glovu na nauli ya mkokoteni. Mhazini asikae na fedha na kitabu vyote pamoja: mmoja ashike fedha, mwingine aandike, na siku ya mwisho ya mwezi picha ya ukurasa iingie kwenye kundi bila kuombwa. Ugomvi wa shilingi 15,000 umevunja vikundi vilivyopona mafuriko. Akaunti ya benki ya kikundi ifunguliwe kwa katiba, muhtasari wa kikao na barua ya serikali ya mtaa, wenye saini wawe watatu, na kutoa fedha kuhitaji wawili.

Fulana zisubiri. Kikundi kinachoanza na fulana kinavuta wanaotaka fulana. Mtu akija Jumamosi kumi, apewe yake, ataivaa hadi ichanike. Na kampuni ambayo chupa zake ndizo mnazozoa ikijitolea kuzilipia, jadilianeni kikao kizima kabla ya kukubali nembo, kwa sababu siku mtakapotaka kuzisemea chupa hizo mtakuwa mmevaa jina lake kifuani.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo asilimia 4 ni ya vijana, wengi huikimbilia. Ni mkopo, unarudishwa. Unafaa mkiwa na biashara kama kukusanya taka majumbani au kitalu cha miche, haufai kuendesha uanaharakati. Wenye biashara waunde kikundi chao ndani ya kikundi, na deni libaki lao.

Mtaro ni wa nani?

Hapa ndipo usafi unapogeuka kuwa harakati. Mkizoa tu, mtazoa hadi mzeeke. Kila mahali mlipoweka alama kwenye ramani pana mwenye wajibu, na nusu ya kazi ni kumjua. Mtaro wa barabara kuu au ya mkoa ni wa TANROADS. Wa barabara za mitaani ni wa TARURA. Taka za majumbani ni za halmashauri na mkandarasi wake. Majitaka ya chemba ni ya DAWASA. Kiwanda kinachomwaga majitaka kinaripotiwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mto wenyewe, pamoja na wanaochimba mchanga ndani yake, uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Barua iliyopelekwa ofisi isiyohusika hulala kwenye faili miezi mitatu, kisha mnaambiwa "hilo si letu".

Barua iwe ukurasa mmoja: mahali, kipimo, picha mbili zenye tarehe, ombi moja. "Tunaomba kalavati la mbele ya shule liondolewe tope kabla ya tarehe 30 Septemba" ni ombi. "Tunaomba mtusaidie kuhusu mazingira" si ombi. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkimruka mwenyekiti mkaenda moja kwa moja halmashauri, atajisikia amedharauliwa, na ndiye mtakayehitaji sahihi yake kila mwezi.

Muda ni muhimu kama maneno. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele vya kata hukusanywa miezi mingi kabla. Hoja ya kalavati ifike kwenye mkutano wa mtaa Oktoba au Novemba. Mkija Mei, mtaro umejaa, huruma ni nyingi, na bajeti imekwishafungwa.

Tahadhari moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au bahari. Vijana wakiisoma mara ya kwanza huchangamka na kutaka kuipeperusha. Pimeni kwanza hizo mita 60 kutoka kwenye mto wenu. Huenda ndani yake kuna nyumba za nusu ya wanachama, na bibi anayewapa maji ya kunawa.

Msifunge chujio la nondo mtaroni kwa akili zenu. Likiwa na nafasi ndogo, au lisiposafishwa kila baada ya mvua, linakuwa bwawa na maji yanaingia kwa jirani wa juu. Ni kazi ya kufanya pamoja na TARURA au kuiacha.

Vibali

Kwa usafi wa mtaani, barua ya serikali ya mtaa inatosha. Matembezi au mkutano wa hadhara ni kitu kingine: Sheria ya Jeshi la Polisi inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Pelekeni wiki moja kabla, mbaki na nakala iliyopokelewa, na mwe tayari kuambiwa hapana. Walio chini ya miaka 18 waje na barua ya mzazi, na klabu ya shule ipitie kwa mkuu wa shule. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi kitaifa, wenye maduka wako nje na mifagio. Ni siku bora ya kuonekana bila kibali chochote cha ziada. Msimu wa uchaguzi, rangi za chama zisionekane kwenye picha zenu, hata kofia.

Mikoko, kwa kifupi

Vikundi vya Kunduchi, Mbweni, Mtoni na Kigamboni hutamani kupanda mikoko. Iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa Serikali, zungumzeni nao kwanza. Kisha jiulizeni kwa nini hapaoti penyewe. Kama miche michanga ipo, kazi yenu ni kutoa plastiki inayoifunika na kuzuia ukataji. Kama haipo kabisa na ni mchanga mtupu, hata mkipanda 2,000 itaondoka na maji. Panapofaa, mbegu ndefu za mkoko zilizoanguka zenyewe, zisizo na matundu, huchomekwa theluthi moja kwenye tope, mita moja hadi moja na nusu kati yake, siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo, ili bamvua, yaani maji makubwa, isizing'oe kabla hazijashika. Hesabuni zilizo hai baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka, na idadi hiyo ndiyo mtangaze. Namba ya zilizopandwa ni ya mabango.

Kugawanyika

Wanaorudi wakipita 25, watu wa nyuma hawasikii maelekezo, kazi haiwatoshi, na makundi ya urafiki yanaanza. Gawanyikeni kabla ya ugomvi. Wazoefu sita hadi wanane, wakiwemo wawili wanaojua kutunza kitabu, wahamie mtaa wa jirani na mtaro wake, wapewe koleo mbili, ndoo tano na barua ya utambulisho. Kupeleka wageni watupu mtaa mpya ni kuwatupa. Kila tawi liwe na kitabu chake na fedha yake, makatibu wakutane mara moja kwa mwezi. Tawi likikosa kukutana Jumamosi tatu mfululizo, warudi kwenye kikundi mama bila aibu.

Usajili haukimbiliwi. Miezi sita ya kwanza barua ya mtaa inatosha. Baadaye jisajilini kama kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii. Usajili wa NGO chini ya sheria ya 2002 unakuja na ada na ripoti za kila mwaka, kwa hiyo subirini hadi mtakapokuwa na mtu anayeweza kuziandika.

Ratiba ya mwaka inajipanga yenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli mwishoni mwa Agosti na wa masika Januari au Februari, na mtaro uwe wazi mwezi mmoja kabla ya mvua. Mikutano ya shule na uandikishaji wa wapya ifanyike Juni na Julai, kukiwa kukavu. Miezi hiyo hiyo ndiyo mnayopoteza viongozi: waliomaliza kidato cha sita wanaitwa JKT, na baadaye vyuo vinawatawanya. Kila mwenye nafasi awe na msaidizi tangu siku ya kwanza, na uongozi ubadilike kila mwaka. Makabidhiano yaandikwe: funguo, kauntabuku, mhuri, nywila za kurasa, na laini ya simu inayopokea michango. Hiyo ya mwisho husahaulika sana. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu, na akihamia Mwanza fedha ya kikundi imehama naye, hata kama ni mwaminifu kuliko wote. Hamisheni salio lote kwenye akaunti ya benki mbele ya mashahidi wawili kabla hajapanda basi.